Asidi si uchafu wa mwili

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa, jamaa mmoja alikuwa akinadi maji ya chupa: "Yanafuta asidi yote mwilini, sukari inashuka!" Mama muuza dagaa akaniuliza, "Eti kweli, mwanangu?"

Hapana, mama. Asidi nyingine mwili unaitengeneza makusudi. Seli za beta za kongosho huweka insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, kwenye vifuko vidogo mno, na utando wa kila kifuko una pampu za protoni, yaani chembe za hidrojeni zinazoleta asidi. Pampu hizo hutumia ATP, nishati ya seli, kusukuma protoni ndani hadi pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ishuke kufikia kama 5.5, ilhali damu yenyewe iko 7.4. Ukali huo ndio unaoviamsha vimeng'enya vinavyoikata proinsulini, yaani insulini ambayo haijakamilika, iwe insulini kamili. Kisha insulini hujipanga na zinki kuwa fuwele, ikatulia kama dagaa walioanikwa wakakauka vizuri. Ikimwagwa kwenye damu, fuwele huyeyuka.

Na yale maji? Yanaishia kwenye asidi ya tumbo, ambayo nayo (ajabu eh?) ni kazi ya pampu za protoni, za aina nyingine. pH ya damu inalindwa na mapafu na figo.

Mama akacheka, akanipimia sado yangu.