Mshipa wa fahamu uliokatika, na seli zinazotafutiwa kazi ya kuuotesha

Mshipa wa fahamu, yaani neva, wa mkono au mguu ukikatika, huota tena. Wengi hawalijui hili, na wanaolijua mara nyingi hawajaambiwa kasi yake: takriban milimita 1 kwa siku. Dereva wa bodaboda aliyeangukia bega na kuchana mishipa inayotoka shingoni ana kama sentimita 60 hadi vidoleni. Piga hesabu: siku 600. Misuli haivumilii kiasi hicho. Ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila kupata amri ya ubongo husinyaa, na mshipa ukija kufika haukuti mwenyeji.

Kinachouongoza mshipa unaoota ni seli za Schwann, zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann. Siku za kawaida huzizungushia nyuzi za neva utando wa mafuta ili ujumbe upite haraka. Jeraha likitokea, kipande cha mshipa kilichotengana na uti wa mgongo hufa. Augustus Waller alilionyesha hilo mwaka 1850 kwa kukata neva za ulimi wa chura. Hapo seli za Schwann hubadili kazi. Husafisha mabaki, huita seli za kinga zisaidie, kisha hujipanga safu na kutoa kemikali za kuzivuta nyuzi mpya. Lakini huchoka. Miezi ikipita bila kufikiwa na uzi wowote, hupungua na kemikali hizo hukauka.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu kupeleka seli mpya kwenye jeraha. Wengine hukuza maabara seli za Schwann za mgonjwa mwenyewe, kazi ya wiki kadhaa. Wengine hutumia seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kutoka kwenye mafuta au uboho. Inaonekana husaidia zaidi kwa kemikali zinazotolewa nazo kuliko kwa kugeuka neva. Kwa panya matokeo yanapendeza, ila pengo la neva iliyokatwa kwa panya ni kama sentimita 1, na panya hupona vizuri hata bila msaada. Mwaka 2016 madaktari wa Miami, Marekani, walieleza jinsi walivyoongeza seli za Schwann za mgonjwa mwenyewe kwenye neva kubwa ya paja. Humohumo waliweka vipande vya neva kutoka mguuni mwa mgonjwa, upasuaji wa siku zote, kwa hiyo huwezi kusema nafuu ililetwa na kipi.

Uti wa mgongo ni mgumu zaidi, kwa sababu nyuzi zake hazioti zenyewe. Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kiliwapandikizia wagonjwa 4 seli zilizotokana na seli shina, wa kwanza akiwa Desemba 2021. Mwaka 2025 kilitangaza kwamba 2 walipata nafuu na hapakuwa na madhara makubwa. Ni habari njema, lakini wagonjwa 4 bila kundi la kulinganisha si tiba bado. Anayekuuzia leo sindano ya seli shina kwa kupooza, mwulize jaribio lake limesajiliwa wapi na kamati gani ya maadili imelipitisha.

Wakati utafiti ukiendelea, jeraha la panga au kioo likiacha vidole na ganzi, usitosheke na kushonwa ngozi. Mwombe daktari apime neva siku hiyohiyo, maana iliyokatwa na kitu chenye makali huunganishwa vizuri zaidi ndani ya siku chache. Kwa aliyeanguka bila kidonda, mkono ukikaa miezi 3 bila dalili ya kurudi, aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa neva. Baada ya miezi 6 nafasi huanza kuporomoka.