Daktari, Paka Wangu Anasemaje?

Mimi ni daktari wa mifugo, na wiki haipiti bila mtu kunipa pole: "Daktari, kazi yenu ngumu, wagonjwa wenu hawasemi." Huitikia asante, lakini moyoni sikubaliani naye. Wagonjwa wangu husema mchana kutwa, na usiku pia. Anayewasikia ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba akishafika mlangoni pangu na kapu mkononi husahau nusu ya aliyoyasikia. Maswali haya nimeulizwa Mji wa Kale, Kisauni, Likoni na kwengineko hapa Mombasa.

Swali: Paka wangu dume ana siku ya pili yuko uvunguni, hali, haji akiitwa. Watoto wanasema amenuna. Nimpe nusu panadol?

Jibu: Mama, panadol iache kabisa, hata robo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja paracetamol, dawa iliyomo ndani ya panadol, kama letu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mzima mwenye afya. Fizi hugeuka rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba, pumzi humpaa. Na mwenye mbwa asidhani yeye amesalimika: ibuprofen, dawa nyingine ya maumivu, humchoma mbwa tumbo na kumharibu figo.

Sasa huko uvunguni. Paka hanuni siku mbili. Paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, kwa hiyo akiumwa hujificha asionekane dhaifu. Ukimwona kwenye mwanga mtazame uso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu ya paka usoni kwa kutazama mambo 5: masikio, macho, mdomo, sharubu, na namna anavyobeba kichwa. Paka mwenye maumivu masikio yake huachana na kugeukia nje, macho huwa nusu, mdomo hukazika, sharubu hunyooka kama zimepigwa pasi, na kichwa hushuka chini ya mabega. Wala usidanganyike na ule mngurumo wa raha. Paka huunguruma pia akiumwa, hata akiwa anakata roho.

Kwa kuwa ni dume, nikuulize nililomuuliza mama mmoja wa Kibokoni. Alikuja na dume lake la rangi ya machungwa ndani ya kapu la ukili, akaniambia amefunga choo. Kila saa anachutama kwenye beseni la mchanga, anajikamua, analia. Alikuwa ameshamnywesha mafuta ya nazi. Nikamuuliza, "Ule mchanga, baada ya kuchutama, ulikuwa umelowa?" Akanyamaza, akaukumbuka ule mchanga, kisha akasema polepole, "La, daktari. Mkavu kabisa." Nilipompapasa paka tumbo, kibofu kilikuwa kimejaa na kigumu kama chungwa. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Njia ya dume ni nyembamba, vichangarawe vidogo tu na ute vinatosha kuifunga. Mkojo ukikosa pa kutokea, sumu yake hurudi damuni, potasiamu, madini mojawapo ya damuni, hupanda, na moyo husimama. Hilo halichukui wiki, ni siku moja au mbili. Paka yule alipona kwa sababu mamake aliutazama mchanga. Kwa hiyo, mama, kabla hujavaa buibui uje kwangu, nenda kautazame mchanga.

Swali: Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema. Mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha punda wangu. Mbona hunipiga?

Jibu: Mzee wangu, wahenga nawaheshimu, ila hapa nadhani punda hakupewa nafasi ya kujitetea.

Macho ya punda yako kandoni mwa kichwa. Huona karibu pande zote kwa mpigo mmoja, isipokuwa mahali pawili: nyuma yake kabisa, na pale mbele ya paji la uso. Ukimjia kwa nyuma na ndoo, kimyakimya, yeye haoni mtu aliyemlisha asubuhi. Anahisi kitu tu, na mguu wake haungoji maelezo. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilipigwa pajani kwa kosa hilohilo, nikachechemea siku kumi. Mjie kwa ubavu, upande wa bega, mwite kabla hujafika, kisha mkono wako ukae mwilini mwake wakati wote unapozunguka, ajue uko wapi.

Na wanaosema punda mkaidi hawajamsikiliza. Farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama kwanza akapima. Ukimpiga bakora wakati anapima, unamthibitishia kwamba kweli kuna hatari.

Kubwa zaidi ni hili. Punda huficha maumivu kuliko wanyama wengi ninaowatibu. Mwenzake farasi akiumwa na tumbo hujitupa chini na kugaragara. Punda mwenye tumbo lilelile atasimama pembeni ya mkokoteni, kichwa chini, masikio yameanguka kando, halafu watu watasema leo ametulia. Punda aliyetulia kupita kawaida ni wa kuitiwa daktari siku hiyohiyo. Akikataa chakula siku nzima, mafuta ya mwilini mwake huanza kumwagika damuni, ini likalemewa, na hapo hata dawa nzuri huwa imechelewa. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 37, la mbuzi hupita 38 na nusu, kwa hiyo kipimajoto cha mbuzi na cha punda usivisome kwa jicho moja.

Swali: Mbwa wa jirani alikuwa akitikisa mkia, na bado akamuuma mtoto. Mkia si furaha?

Jibu: Mkia ni kama sauti ya mtu iliyopanda. Yaweza kuwa furaha, yaweza kuwa ugomvi. Huko Italia mwaka 2007 watafiti waliwapima mbwa wakaona kwamba akimwona bwana wake mkia huelemea zaidi kuume, na akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe huelemea kushoto. Hilo si la kulipima uani kwa macho, ila linaonyesha kwamba mtikiso mmoja una maana zaidi ya moja.

Tazama mwili mzima. Mbwa aliyelegea, kiuno kikicheza pamoja na mkia, hana neno. Mbwa aliyekakamaa, mkia juu ukitetemeka kwa kasi kama antena, anaonya. Na kabla ya kuonya huwa ameshaomba kwa adabu: amelamba midomo bila chakula, amepiga miayo bila usingizi, amegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana. Mtoto hayaoni hayo. Mtoto anamkumbatia shingoni na kumtia uso usoni, jambo ambalo kwetu ni mapenzi na kwa mbwa ni kubanwa. Tafadhali, akinguruma usimpige. Ukimfundisha mbwa kutonguruma, siku nyingine atauma bila kubisha hodi.

Swali: Mbwa wetu anatokwa na ute na sauti imekwaruza, kama amekwamwa na mfupa. Nimtie mkono niutoe?

Jibu: Usitie mkono! Jibu hili kama lingekuwa la mdomo ningelipigia kelele.

Kichaa cha mbwa hushambulia mishipa ya fahamu. Koo likipooza, mnyama hashindwi kumeza tu, hata sauti yake hubadilika, na ute uliotakiwa kumezwa humwagika. Anayemtazama huona mfupa. Kwa ng'ombe ndivyo ilivyo: hulia kwa sauti nzito isiyokatika, anadondokwa na mate, na mchungaji anatia mkono hadi kiwiko kutafuta embe lililokwama. Virusi viko ndani ya mate hayo, na mchubuko mdogo wa kidole unavitosha kuingia.

Alama ninayoisikiliza zaidi ni tabia iliyogeuka. Mbwa mkali ghafla anakuja kujilaza miguuni pa wageni. Mbwa mpole anauma mawe na mabati. Mnyama wa usiku anatembea mchana barabarani. Mfungie mahali bila kumgusa, weka watoto mbali, upige simu kwa daktari wa mifugo.

Aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Mafuta ya taa, pilipili na majani yasipakwe. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, na amalize sindano zote kwa tarehe alizopewa. Ni kweli kwamba mbwa aliyeuma hutazamwa siku 10, lakini hiyo ni kazi yetu sisi, mtu asikae nyumbani akingoja matokeo ya mbwa. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Swali: Mtandaoni kuna mtu anasema anaweza kuongea na mbwa wangu kwa kutumiwa picha yake tu, halafu aniambie anaumwa wapi. Wewe unaonaje?

Jibu: Aliyefundishwa lugha ya ndege tunamjua, ni Nabii Suleiman, na hakuwa akitoza kwa M-Pesa.

Kuna kisa cha kweli ninachokipenda. Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, palikuwa na farasi aitwaye Hans. Mwalimu wake, Wilhelm von Osten, alimuuliza hesabu, naye akagonga jibu kwa kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alieleza siri: kama muulizaji mwenyewe hajui jibu, au Hans hamwoni, farasi alikosea. Hans alikuwa akitazama uso na mabega ya watu. Jibu likikaribia mtu hukakamaa, likifika hulegea bila kujua, na Hans huacha kugonga. Mwalimu hakuwa tapeli, naye alidhani anafundisha hesabu kumbe yeye ndiye aliyekuwa akisomwa.

Mimi huona kisa hicho kila siku kazini. Mwenye mbwa akiingia amekaza kamba na kuzuia pumzi, mbwa naye anakaza. Kwa hiyo fedha za picha ziweke, umlete mbwa mwenyewe, na uhakikishe unayempelekea amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Swali: Kumsemesha kunasaidia, au tunajifurahisha wenyewe?

Jibu: Kunasaidia. Budapest, Hungaria, mwaka 2016 watafiti walichapisha utafiti wa mbwa waliozoezwa kulala bila kutikisika ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha ya ubongo. Sehemu ya ubongo inayopokea tuzo iliamka pale tu neno la sifa liliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno tupu halikutosha, wala sauti tamu yenye maneno yasiyo na maana. Yaani mbwa naye hapendi kudanganywa.

Swali: Nikimtia paka kwenye gunia kuja kwako, akifika amekuwa chui. Nifanyeje?

Jibu: Gunia ndilo linalomfanya chui. Tafuta kapu lenye mfuniko au kreti ya soda iliyofunikwa vizuri, uliache wazi sebuleni siku kadhaa, leso uliyoivaa iwe ndani, samaki kidogo wawekwe humo. Siku ya safari lifunike kwa leso nyingine, maana asichokiona hakimtishi. Kwenye tuktuk lipakate, usiliweke chini miguuni panapotetemeka. Ukifika kwangu usimwage paka mezani kama viazi. Mara nyingi nafungua mfuniko nikampima humohumo ndani. Na kumning'iniza kwa ngozi ya shingo, waachieni paka mama na watoto wao.

Joto letu la Februari nalo ukumbuke. Mbwa kuhema mdomo wazi ni kawaida yake. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, hiyo ni dharura.

Swali: Mbuzi je?

Jibu: Akisaga meno bila kutafuna chochote, mgongo umepinda, amejitenga na wenzake, anaumwa. Akilia sana wakati wa chakula, ana njaa tu.

Swali: Nikija, unataka nikwambie nini?

Jibu: Kilichobadilika, na tangu lini. Usiniletee jina la ugonjwa, hilo niachie. Niambie kwamba alikuwa akiruka dirishani na tangu Jumatatu hupitia kitini kwanza. Chukua video kwa simu angali nyumbani, kwa sababu mbele yangu hata anayechechemea hutembea sawasawa kwa hofu. Na jambo linaloonekana la kipuuzi, lianze hilo.

Swali: Paka wangu hunitazama kisha hufumba macho polepole. Ananidharau?

Jibu: Kinyume chake. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba mtu akimfumbia paka macho polepole, paka naye hufumba, na humkaribia hata akiwa mgeni. Kaa chini, usimkodolee, fumba kidogo, fumbua, kisha tazama kando. Kuna paka mzee hapa kibarazani kwangu nimemfanyia hivyo mwezi mzima. Jana alifumba jicho moja.