Taa za Ndani ya Birika: Volti 240 Zikomee Wapi?

Mwenye nyumba wa Lamu anayetaka taa za LED ndani ya birika au kidimbwi cha samaki kilichomo uani huanza kwa kuniuliza habari ya rangi na idadi ya taa. Mimi huanza kwingine: umeme wa volti 240 unaotoka kwenye mita utakomea wapi? Likijibiwa vizuri hilo, mengine huwa mepesi. Likijibiwa vibaya, taa ya bei ghali haitaokoa kitu.

Jawabu langu ni kwamba ukomee mahali pakavu, ndani ya sanduku lililofungwa, na kinachoendelea hadi majini kiwe volti 12 tu. Ngozi iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya ukinzani wake, yaani uwezo wa kuzuia umeme usipite, na mtoto aliyetia miguu birikani hana kiatu wala sakafu kavu ya kumkinga. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, katika sehemu yake ya 702, kinaweka kikomo cha volti 12 za AC (mkondo geu, kama wa umeme wa mita) au 30 za DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri) kwa umeme unaoingia ndani ya maji ya bwawa la kuogelea, tena utoke kwenye chanzo kilichotengwa, kwa mfano transfoma (kifaa cha kushusha volti) ambayo nyuzi za upande wa volti 240 hazikuungana popote na za upande wa volti 12. Birika la uani haliitwi bwawa la kuogelea, lakini watoto hawasomi kanuni, kwa hiyo mimi hulihesabu vivyo hivyo.

Upande wa volti 240 lazima ulindwe na RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayokata umeme yenyewe inapohisi unavuja. Hata hivyo, pana jambo ambalo baadhi ya mafundi hulisahau: RCD hiyo haioni umeme unaovuja upande wa pili wa transfoma, kwa sababu pande mbili hizo zimetenganishwa. Taa inaweza kuvuja ndani ya maji kwa miezi huku RCD imetulia, na mwenye nyumba akaamini kwamba mambo ni shwari. Uvujaji wa namna hiyo hugunduliwa kwa kupima.

Wengine hutaka kutumia transfoma ya kielektroniki iliyobaki kutoka kwenye taa za zamani za halojeni. Transfoma hizo mara nyingi huhitaji mzigo wa wati 20 au zaidi ndipo zifanye kazi sawasawa. Ukizipa taa tatu za LED za wati 3 kila moja, zitapepesa au zitakataa kuwaka. Isome kwanza taa yenyewe, kwani kuna zinazokubali AC na DC, na kuna zinazotaka DC peke yake.

Sasa unene wa waya, ambao ndio huleta ubishi dukani. Taa nne za wati 5 ni wati 20. Kwa volti 240 mzigo huo hauvuti hata moja ya kumi ya ampea, lakini kwa volti 12 unavuta karibu ampea 1.7, na mkondo huo mkubwa ndio unaopoteza volti njiani. Tuseme sanduku la transfoma liko mita 20 kutoka birikani, yaani mita 40 za shaba kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 0.75, utapoteza takriban volti 1.6, na taa za mwisho zitapata kama volti 10.4; kwa waya wa milimita mraba 2.5, hasara hushuka hadi karibu nusu volti. Nikiambiwa bajeti ni ndogo, nitapunguza taa moja kabla sijapunguza waya.

Hata hivyo, kazi nyingi za namna hii hufia kwenye viungo vya waya. Kata kiungo cha taa za DC kilichozama kwa muda katika maji ya kisima chenye chumvi, uchune plastiki yake utazame. Waya wa chanya umegeuka unga wa kijani, na shaba iliyosalia ni nyeusi kwa urefu wa kiganja kuelekea nchi kavu, ilhali waya wa hasi ulio ubavuni mwake bado unang'aa. Mkondo wa DC unaovuja majini hula shaba ya upande wa chanya, na chumvi huongeza kasi. Weusi ule ni wa maji yaliyopanda yenyewe katikati ya nyuzi, kama mafuta yapandavyo utambi. Tepu haiyazuii, na silikoni ile inayonuka siki ni mbaya zaidi, kwa kuwa asidi yake huila shaba. Nunua taa ya IP68 (alama ya kifaa kinachoweza kukaa kimezama majini) yenye waya wake wa kiwandani mrefu wa kutosha kutoka majini bila kiungo, uunge juu ya usawa wa maji ndani ya kisanduku kilichojazwa jeli, na uuache waya ushuke kidogo kabla ya kuingia kisandukuni ili matone yadondoke chini.

Anayetaka kutumia jua hahitaji transfoma kabisa. Wati 20 kwa saa tano kila usiku ni wati-saa 100. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 20 hubeba kama wati-saa 256, yaani usiku mbili na ziada. Paneli ya wati 30 ingetosha jua likiwa kali, lakini kwa ajili ya mawingu ya masika mimi hufunga ya 60. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, kwa sababu waya zikigusana betri hiyo humwaga mkondo wa kuziunguza. Kumbuka pia kwamba betri inapochajiwa hufika volti 14 na ushei, na utepe wa LED usio na kidhibiti chake huenda usistahimili.

Kuhusu vifaa sina mengi. Chuma cha pua cha daraja la 304 hupata vidoa vya kutu katika maji ya chumvi. 316 huvumilia zaidi, na plastiki nzuri haipati kutu. Shaba na shaba nyeupe zisizame penye samaki, maana shaba huwadhuru. Ukungu mweupe juu ya kioo cha taa ni chokaa ya maji yetu, na siki huutoa. Ikiwa birika limo katika nyumba ya kale ya Mji wa Kale, usikubali ukuta wa matumbawe uchimbwe mfereji. Paipu ya waya ipite chini, ubavuni mwa sakafu. Na anayesafisha birika azime taa kabla ya kutoa maji, kwa kuwa taa nyingi za kuzamishwa hupozwa na maji hayo na huungua zikiwashwa katika hewa kavu.