Ann Lowe na hilo neno "tu"

"Yule si alikuwa fundi cherehani tu?" Likitajwa gauni la Ann Lowe, mbunifu mweusi wa mavazi wa Marekani, swali hili halikosi. Linachosha.

Fundi alikuwa, tena fundi haswa. Ubaya uko kwenye "tu". Mwaka 1961 jarida la Ladies' Home Journal liliandika kuwa gauni la harusi la Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John F. Kennedy, ni kazi ya mshonaji mweusi, si ya nyumba kubwa za mitindo. Lowe alimwandikia Jacqueline mwenyewe kwamba angependa aitwe mbunifu mashuhuri mweusi.

Anayebisha aligeuze gauni la Lowe nje ndani. Atakuta kingo za mishono zimefunikwa lesi, mahali asipopaona mtu. Arudi nje, atazame maua: petali zimekatwa na kushonwa kwa mkono. Mengine ni ya trapunto: mchoro hushonwa kwenye vitambaa viwili, cha nyuma kikachanwa kidogo na kujazwa pamba hadi ua livimbe. Ukijaza mno, hariri ya mbele huvutika na kutengeneza mikunyanzi.

Gauni lile la harusi ya Jacqueline, la 1953, lilikula yadi 50 hivi za hariri ya tafeta. Siku 10 kabla ya harusi bomba la maji likapasuka katika karakana yake New York, yakaharibika magauni 10 kati ya 15, la bibi harusi likiwemo. Kazi ya wiki 8 ikarudiwa kwa siku 2 za kukata na 5 za kushona. Mwiga picha haliwezi hilo. Kiolezo lazima kiwe kichwani mwako.

Kwamba Jacqueline alimtajirisha? Lowe alitarajia faida ya dola 700, akaishia hasara ya 2,200, na familia ile hakuiambia.

Kwamba bila lebo yake gauni si lake? Lile la mwigizaji Olivia de Havilland, alilopokelea tuzo ya Oscar mwaka 1947, ni kazi ya Lowe, lakini lina lebo ya mwingine, Sonia Rosenberg. Anzeni na mishono, lebo baadaye.

Na tafadhali, gauni la hariri la enzi hizo halitundikwi kwenye henga. Sketi nzito huchana mabega. Lilazwe kwenye boksi, karatasi laini isiyo na asidi ijazwe ndani ya mikunjo, na mikunjo ihamishwe mara kwa mara, maana tafeta hukatikia palepale ilipokunjwa.