Koili ya volti nyingi haiongezi nguvu ya injini
Wengi huamini kwamba koili (kifaa kinachopandisha volti za betri ili plagi itoe cheche) ya volti 40,000 huipa pikipiki ya zamani nguvu zaidi. Sivyo. Volti hupanda mpaka cheche iruke pengo la plagi, basi; zilizobaki hazitumiki. Kinachostahili kuangaliwa ni ukinzani wa waya wa msingi, yaani waya wa ndani ya koili unaopokea umeme wa betri: kwa mfumo wa volti 12 wenye platini (swichi ndogo inayofunguka na kukata mkondo wa koili ili cheche itoke), tafuta omu 3 hadi 5. Koili ya omu 1 hupitisha mkondo mkubwa mno, platini zikaungua na koili ikachemka.

Cheche ikififia, usikimbilie kununua koili mpya. Funga platini, washa swichi, pima volti inapoingia koili. Zikipungua kwa zaidi ya nusu volti chini ya za betri, safisha swichi na viungio. Koili yenyewe ipime ikiwa moto. Ikipoa, waya uliokatika ndani huweza kugusana tena.