Kusaidiwa kufa kwa mgonjwa asiyepona: maswali na majibu

Mzee ana saratani iliyokwishaenea. Anamwambia binti yake, "Mwanangu nimechoka, niacheni niende." Anaomba nini hasa? Ndugu husikia neno moja tu, kifo, wakafadhaika. Maneno yale yanaweza kubeba maombi manne au matano tofauti.

Kusaidiwa kufa ni nini?

Ni pale mgonjwa mwenye akili timamu, ambaye ugonjwa wake hauponi, anapoomba mwenyewe dawa ya kukatisha uhai, na daktari akamwandikia kwa mujibu wa sheria. Dawa anainywa mwenyewe. Daktari akimdunga sindano yeye, hiyo ni eutanasia. Uholanzi inaruhusu yote mawili tangu 2002, Kanada tangu 2016. Jimbo la Oregon, Marekani, linaruhusu la kwanza pekee.

Kuondoa mashine ya kupumulia si ni yaleyale?

Hapana. Mgonjwa akikataa upasuaji, kemo au mashine, kisha akafariki, kilichomwondoa ni ugonjwa. Mofini, dawa kali ya maumivu, nayo vivyo hivyo: daktari anayeipandisha taratibu kwa kadiri ya maumivu anatibu, haui. Inaniuma kuona mtoto anamnyima mama yake mofini kwa kuamini kwamba ni "dawa ya kumalizia", huku mama analia usiku kucha.

Oregon walifikaje huko?

Kwa kura. Mwaka 1994 sheria ilipita kwa asilimia 51, kesi ikaizuia hadi 1997. Mwaka huohuo wananchi waliulizwa tena kama ifutwe, na asilimia 60 wakakataa.

Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi, na madaktari wawili wathibitishe kuwa hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita. Anaomba kwa mdomo mara mbili, na kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Kati ya maombi ya mdomo zinapita siku 15, ingawa tangu 2020 anayekaribia kufa kabla ya siku hizo anaweza kusamehewa. Daktari akishuku kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, imevuruga uamuzi wake, lazima ampeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mke, mume au mtoto hawezi kumwombea.

Wanaoomba wanakimbia maumivu?

Wengi hudhani hivyo, nami nilidhani hivyo. Lakini ripoti ambazo Oregon hutoa kila mwaka zinaonyesha sababu zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yaliyowapa furaha, na kupoteza heshima. Maumivu, au hofu ya maumivu, yako chini ya hayo. Wengi wao ni wagonjwa wa saratani, na wengi wamo tayari katika hospisi, yaani huduma ya kuwatunza walio karibu na mwisho wa maisha.

Kisha kuna hili: takriban theluthi moja ya walioandikiwa dawa hawainywi. Naelewa kwamba kwa baadhi yao, kuwa nayo kabatini kunatosha kuwatuliza.

Wanaopinga wanahofia nini?

Waislamu na Wakristo wengi wanashika kwamba uhai ni amana ya Mungu, mwanadamu hana ruhusa ya kuurudisha kabla ya saa yake. Watetezi wa watu wenye ulemavu wana hofu nyingine: mnyonge ataona bora aondoke asiwe mzigo. Hata Oregon wapo wengi wanaotaja kuogopa kuwa mzigo kwa jamaa. Hofu hiyo ni nzito zaidi katika nyumba iliyokwisha kuuza ng'ombe na shamba kwa ajili ya matibabu.

Kwetu sheria inasemaje?

Kenya, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha maisha kwa anayemsaidia mwingine kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, lakini kosa la kusaidia lipo palepale. Tanzania pia kusaidia ni jinai.

Basi mgonjwa wetu ana haki gani leo?

Kuambiwa ukweli, kukataa tiba asiyoitaka, na kutulizwa maumivu. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi ya tiba shufaa. Uganda imeonyesha njia: Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 kwa mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Mjadala wa kusaidiwa kufa ni halali, na wagonjwa wana haki ya kusikilizwa ndani yake. Ila anayeomba kufa kwa sababu hajaonja mofini, huyo bado hajapewa nafasi ya kuchagua.

Mgonjwa akisema "nataka kufa", nimjibuje?

Usimkemee, wala usimkatize kwa "usiseme hivyo". Keti umuulize, "Kinachokusumbua zaidi ni nini?" Huenda ni maumivu, kukosa usingizi, aibu ya kuogeshwa na mkwe, deni, au mtoto ambaye hajaonana naye miaka. Mengi ya hayo yana msaada, na sonona ina tiba. Mweleze daktari au muuguzi ulichosikia, kwa maneno yaleyale ya mgonjwa. Ukiona ana mpango wa kujidhuru, usimwache peke yake, na mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo.