Kipimo Kikipungua, Watu Hugombana

Mtu akikukopesha debe la nafaka, nawe ukamrudishia kwa debe lililobonyea kitako, mtagombana siku hiyohiyo, maana ubonyevu unaonekana. Fedha ikibonyea haionekani. Noti ni ileile, tarakimu ni zilezile, saini ya gavana ipo palepale. Kilichopungua ni kile inachoweza kununua. Ndiyo maana ugomvi wa fedha huwa mgumu kuliko ugomvi mwingine: kila upande una ushahidi mkononi. Mdaiwa anasema, "Nilichukua milioni moja, nimerudisha milioni moja." Mdai anajibu, "Ulichonirudishia hakinunui nusu ya nilichokupa." Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wataondoka wakiamini kwamba mwenzao si mwaminifu.

Kabla hujamhukumu mtu kwa jambo la fedha, ondoa kwanza sehemu ya kosa iliyo ya kipimo, yaani ya fedha yenyewe kubadilika thamani. Kinachobaki ndicho cha kuzungumza naye, na mazungumzo hayo yana utaratibu unaofundishika kama hesabu inavyofundishika.

Kumlaumu mtu badala ya kipimo ni kosa la zamani. Denari, sarafu ya Roma, wakati wa kaizari Augusto ilikuwa karibu fedha tupu, fedha kwa maana ya madini. Nero akaanza kuipunguza mwaka 64, na watawala waliomfuata wakaendelea. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 260, sarafu iliyoshika nafasi yake ilikuwa na madini ya fedha chini ya sehemu 5 kwa 100. Ule weupe uliobaki ulikuwa mpako tu. Bei zikapaa. Mwaka 301 Diocletian akatoa amri ya kuweka ukomo wa bei kwa mamia ya bidhaa na huduma, adhabu ikiwa kifo, na katika utangulizi wake lawama zote akawatupia wafanyabiashara kwa uroho wao. Haikufaa kitu. Konstantino ndiye aliyerudisha kipimo kinachoaminika kwa solido ya dhahabu, 72 kwa kila pauni ya Kirumi, yaani gramu kama 4.5 kila moja. Sarafu hiyo ilishika uzito na ubora wake kwa takriban miaka 700.

Wengi wakisikia habari ya solido huruka moja kwa moja hadi "basi turudi kwenye dhahabu". Mimi sikubaliani nao. Fedha ya kweli, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile ambayo kanuni yake inajulikana mapema na mtoaji wake hawezi kuibadili kimyakimya. Kipimo kinaweza pia kunenepa: mwanzoni mwa miaka ya 1930, nchi zilizong'ang'ania dhahabu ziliona bei na mishahara ikishuka huku madeni yakibaki na tarakimu zilezile, na mdaiwa akajikuta analipa kizito kuliko alichokopa. Uingereza ilijitoa kwenye kipimo cha dhahabu mwaka 1931. Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza Januari 2009, nayo ina kanuni iliyo wazi kabisa: ukomo wa milioni 21, na toleo jipya linalopunguzwa nusu kila vitalu 210,000, yaani kurasa za daftari lake la miamala. Lakini bei yake ilishuka kutoka karibu dola 69,000 Novemba 2021 hadi chini ya 16,000 mwaka mmoja baadaye. Idadi inayojulikana si sawa na thamani iliyotulia. Kuandika mkopo wa miezi 12 kwa kipimo kama hicho ni kumwekea mmoja wenu mtego, ila hamjui bado ni nani.

Hesabu ya kufanya kabla ya kukasirika

Chukua mshahara wa 600,000. Mwajiri ameongeza asilimia 5, umekuwa 630,000. Kwa muda huohuo bei zimepanda asilimia 9. Gawanya 630,000 kwa 1.09, unapata takriban 578,000. Hicho ndicho mshahara mpya unachoweza kununua ukipimwa kwa fedha ya mwaka jana. Ili asipoteze kitu, mfanyakazi alihitaji 654,000. Mwajiri anaona ametoa nyongeza na hakupewa hata asante. Mfanyakazi anaona amekatwa. Mwanauchumi Irving Fisher alilipa jina tatizo hili karne iliyopita, na kwa Kiswahili tungeliita kiinimacho cha fedha: kutazama tarakimu na kusahau inanunua nini.

Kwa makadirio ya haraka, gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, 72 kwa 6 ni 12: ndani ya miaka 12 fedha iliyolala bila faida hubaki na nusu ya uwezo wake. Kanuni hii inafaa kwa viwango vidogo na vya kati. Mfumuko ukifika asilimia 50 iache, tumia fahirisi yenyewe, yaani namba rasmi inayoonyesha bei zimefika wapi.

Kwenye mkopo kati ya watu wanaofahamiana, hesabu hiyo iandikwe mapema. Chagua fahirisi moja ya bei inayotolewa na ofisi ya takwimu, andika jina lake kamili, mwezi wake na namba yake siku ya kukopa. Tuseme ni 112.4. Siku ya kulipa fahirisi inasoma 134.9. Deni la 1,000,000 linazidishwa kwa 134.9, linagawanywa kwa 112.4, linakuwa kama 1,200,200. Hizo laki mbili hazimtajirishi mkopeshaji. Zinamrudisha alipokuwa.

Mbinu hii si mpya. Mwaka 1780 jimbo la Massachusetts liliwapa askari wake hati za madai ambazo malipo yake yalifungwa kwenye kapu la vitu: busheli 5 za mahindi, pauni 68 na sehemu 4 kati ya 7 za nyama ya ng'ombe, pauni 10 za sufu ya kondoo na pauni 16 za ngozi ya soli. Kapu likipanda bei, hati inapanda nalo. Chile tangu 1967 ina kipimo kiitwacho Unidad de Fomento, ambacho hakina noti wala sarafu. Ni namba inayofuata bei, na mikopo ya nyumba huandikwa kwayo.

Makosa hutokea mahali palepale kila mara. Watu huandika "kulingana na mfumuko wa bei" bila kutaja fahirisi ipi, kisha kila mmoja huja na yake. Ofisi ya takwimu hubadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao fahirisi huhesabiwa kuwa 100, namba ya 134.9 inageuka 101.3, na mkataba hausemi cha kufanya. Ongeza sentensi moja kwamba mtatumia namba za zamani na mpya zilizounganishwa na ofisi hiyohiyo. Fahirisi ya mwezi huu hutolewa baadaye, kwa hiyo andikeni kwamba mtatumia iliyokwisha kutolewa hadi siku ya malipo. Na lililo zito kuliko yote: kipato cha mdaiwa huenda hakikupanda pamoja na bei. Hapo kufunga deni lote kwenye fahirisi ni kuhamisha mzigo wote kutoka bega moja kwenda lingine. Mimi hupendekeza kugawana ongezeko nusu kwa nusu, au kuliwekea ukomo. Kukopeshana kwa fedha ya kigeni ili "kuepuka mfumuko" kuna hatari ileile, na kubwa zaidi. Kaya nyingi za Hungaria na Poland zilichukua mikopo ya nyumba kwa faranga ya Uswisi huku zikilipwa mshahara kwa fedha za kwao; faranga ilipopanda baada ya 2008, deni likanenepa na mshahara haukusogea.

Wapo ambao imani yao inaona nyongeza yoyote juu ya deni ni riba, hata ikiwa ni ya kulinda thamani. Sitaingia katika fatwa. Njia iliyo wazi kwao ni kukopesha kitu chenyewe, kwa mfano gramu kadhaa za dhahabu, na kurudisha uzito uleule.

Kuzungumza kinachobaki

Hesabu ikishakaa mezani bado hamjamaliza, kwa sababu aliyeumia haumii kwa asilimia. Utaratibu ninaoutumia ni wa mwanasaikolojia Mmarekani Marshall Rosenberg, aliyeanza kuujenga miaka ya 1960. Una hatua nne: kilichoonekana, hisia, hitaji, ombi. Unasikika mwepesi mpaka uujaribu.

Kilichoonekana ni kile ambacho kamera ingenasa. "Wewe ni mfujaji" haimo kwenye kamera. "Mwezi huu na uliopita fedha za matumizi ziliisha tarehe 20" imo. Maneno "kila siku", "daima" na "hata siku moja" yafute, maana mwenzako atatafuta siku moja uliyoisahau, aishike hiyo, na mazungumzo yataishia hapo.

Hisia ndiyo hatua inayowashinda wengi, na Kiswahili chenyewe kinatoa kipimo kizuri cha kuikagua. Sikiliza kitenzi. "Najisikia kudharauliwa", "kuonewa", "kupuuzwa", "kutumiwa": vyote viko katika kauli ya kutendwa, na kila kutendwa kuna mtenda aliyejificha. Hivyo ni mashtaka yaliyovaa nguo za hisia. Linganisha na "nina wasiwasi", "nina huzuni", "nimechoka", "naona aibu". Hapo hakuna mshtakiwa, na mwenzako hana sababu ya kujitetea. "Nahisi kwamba..." nayo karibu kila mara huleta wazo nyuma yake.

Hitaji ni jambo ambalo binadamu yeyote angelielewa: uhakika, usawa, mapumziko, kuaminiwa. "Nahitaji unilipe Ijumaa" haliingii hapa. Hiyo ni njia mojawapo ya kupata uhakika, na njia zipo nyingi. Watu wawili hugombania njia huku mahitaji yao yanapatana kabisa. Ombi, kwa upande wake, liwe kitu kinachofanyika, chenye muda, na kisemwe kwa kukubali badala ya kukanusha. "Usinicheleweshee tena" halimwambii mtu afanye nini. "Naomba uniambie kufikia Alhamisi ni kiasi gani utaweza kutuma mwisho wa mwezi" linamwambia.

Ukiyaunganisha yote, mdai aliyekwisha kupiga hesabu ya fahirisi anaweza kusema hivi: "Ndugu yangu, milioni moja niliyokupa ingehitaji kama 1,200,000 leo kununua vitu vilevile. Najua si wewe uliyepandisha bei. Nina wasiwasi, maana fedha hiyo ilikuwa akiba yangu na nahitaji uhakika wa mwaka unaokuja. Je, tunaweza kukaa Jumamosi nusu saa tuone pengo hilo tuligawane vipi?" Sentensi ya pili ndiyo inayofanya kazi kubwa. Inamvua mwenzako hatia isiyo yake, na mtu aliyevuliwa hatia isiyo yake husikia vizuri zaidi anapotajiwa iliyo yake.

Ombi na amri hutofautishwa na kinachofuata ukijibiwa "hapana". Ukinuna, ilikuwa amri. Kama lilikuwa ombi, utauliza ni hitaji gani linalomzuia kukubali, kisha unyamaze. Yeye akizungumza, rudia kwa ufupi ulichosikia kabla ya kujibu: "Kumbe unaogopa kuahidi kwa sababu kipato chako hakina tarehe?" Ukikosea atakusahihisha, na kusahihishwa huko ni hatua mbele. Jihadhari na "pole" ya haraka. Ni neno zuri, lakini likitangulia mno hufunga mlango. Mtu anapewa pole kabla hajamaliza kusema kilichomuuma.

Kujiweka mahali pa mwenzako si kukubaliana naye. Unaweza kuelewa kabisa kwa nini mdaiwa amekwama na bado ukadai. Wala utaratibu huu hausaidii palipo na udanganyifu wa makusudi: aliyeficha risiti au kughushi namba anahitaji mkaguzi au mahakama, si hatua nne.

Na mahakama zenyewe zimewahi kutenganisha mtu na kipimo. Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2 za Ujerumani, na wenye madeni ya zamani ya rehani waliyafuta kwa noti zisizonunua kitu. Walikuwa ndani ya sheria iliyosema marki ni marki. Tarehe 28 mwezi huo mahakama ya juu ya Ujerumani ilikataa hoja hiyo kwa msingi wa nia njema, na sheria ya 1925 ikathaminisha rehani nyingi upya kwa asilimia 25 ya thamani yake ya awali. Mkopeshaji alipoteza robo tatu. Mdaiwa alilipa zaidi ya alivyotarajia. Hakuna aliyetangazwa mwizi.

Mkishakubaliana, andikeni kabla hamjaagana, karatasi mbili zinazofanana: kiasi cha awali, namba ya fahirisi na mwezi wake, sehemu ya ongezeko ambayo kila mmoja ataibeba, tarehe ya malipo, na tarehe ya kukaa tena endapo bei zitapanda kuliko mlivyokadiria. Tarehe hiyo ya kukaa tena ndiyo inayosahaulika zaidi. Iwekeni kabla ya siku ya malipo, angalau mwezi mmoja.